Semina Moja Haitoshi

Semina mnazijua: siku chache, posho, cheti, kwaheri. Mshauri wa watoto waliofiwa haandaliwi hivyo.

Hapa Moshi, mjini na vijijini, na Bungoma kule Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi waliingia katika utafiti uliotolewa mwaka 2020. Nusu yao walipata tiba ya maongezi, vikao 12 vya kikundi. Washauri hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofundishwa. Lakini kila wiki walikaa na msimamizi, mwenzao aliyekwishaifanya kazi hiyo. Mtoto kanyamaza tu, nifanyeje? Wanajadiliana hapo. Pesa zikipungua, nahofia kikao hicho ndicho hufutwa kwanza.

Ukimwona mshauri wa shuleni kwenu, muulize: wewe nawe unaongea na nani?