Maono ya Mungu Yaweza Kungoja

 

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha nabii Habakuki, sura ya 2, mistari minne ya kwanza. Twawasihi mkaisome wenyewe baada ya kipindi hiki. Habakuki alikuwa amemlilia Mungu kwa ajili ya dhuluma iliyojaa katika nchi yake. Mungu akampa maono, akamwagiza ayaandike wazi. Tena akamjulisha kwamba maono hayo yana wakati wake. Hata yakionekana kuchelewa, asikate tamaa.

Basi, twajuaje kwamba maono tuliyo nayo yametoka kwa Mungu? Kwetu sisi wa pwani swali hili si la mchezo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, si mbali na mji wa Malindi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakubwa kwa watoto. Watu walifundishwa kwamba wakijinyima chakula hata kufa, watakutana na Yesu upesi. Tangu siku zile, wako wanaoshtuka kila wasikiapo mhubiri akisema, "Mungu amenionyesha." Hatuwezi kuwalaumu. Lakini je, kwa sababu ya fedha bandia, tutatupa na fedha halali? La. Imetupasa kujifunza kuzitambua.

Wapendwa, katika Wilaya hiyo hiyo ya Mungu, yaani pwani yetu hii, tunayo habari nyingine ya maono. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka ule ule mkewe akafa, na mtoto wao mchanga akafa pia. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Hata hivyo hakuondoka. Alikuwa na maono ya vituo vya Injili vinavyofuatana kama shanga katika uzi, toka pwani ya mashariki mpaka magharibi ya Afrika.

Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann alifika, wakaenda kukaa Rabai. Miaka ikapita, waumini wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu kiwete, naye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Je, hayo ndiyo mavuno? Kwa hesabu ya wanadamu, kazi ile ilikuwa hasara.

Mwaka 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, akaandika kwamba kileleni kuna theluji. Wataalamu fulani wa Ulaya hawakukubali, wakisema haiwezekani kuwa na theluji katika nchi ya jua kali namna hii. Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla ya wasafiri wengine kuthibitisha maneno yake. Lakini theluji ile haikuyeyuka kwa sababu watu hawakuiamini. Vivyo hivyo na neno la Mungu: halingoji tukubaliwe na watu ndipo liwe kweli.

Krapf aliugua, akarudi kwao. Rebmann akabaki Rabai. Alimzika mkewe huko mwaka 1866, naye akaendelea na kazi yake ya kukusanya maneno ya lugha za watu wetu. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu, na hapo alikuwa amekaa miaka 29. Mwaka uliofuata akafariki. Akaacha kikundi kidogo tu cha Wakristo.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka ule ule wa 1875 kilianzishwa kijiji cha Freretown, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Rabai nako watu wakaongezeka. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, Waafrika wote wawili, waliokuwa wametekwa utotoni, wakakombolewa na kulelewa Bara Hindi. Maono ya Krapf hayakutimia kama alivyoyachora yeye. Mungu aliyatimiza kwa njia yake mwenyewe, kwa mikono ya watu aliowachagua yeye.

Sasa, ndugu msikilizaji, pima mambo haya mawili. Maono ya uongo yana haraka. Husema, "Leo, kabla hujauliza, kabla hujaagana na jamaa zako." Hutaka mtoto wa mwenzako afe. Maono ya Mungu yaweza kungoja miaka 29, nayo hayapungukiwi kitu. Yanaweza kuulizwa maswali, na kupimwa kwa Maandiko mbele ya kanisa zima. Tena hayamalizi uhai wa watu, bali huwatafutia uzima. Ndiyo maana mwandishi wa Waebrania, sura ya 6, aliziweka pamoja imani na uvumilivu. Imani isiyo na uvumilivu hugeuka kuwa pupa, na uvumilivu usio na imani hugeuka kuwa uchovu.

Sisi watu wa pwani tulifundishwa jambo hili na mnazi. Mzee hupanda mche akijua kwamba itapita miaka sita, saba, au zaidi kabla ya kuangua dafu la kwanza. Huenda watakaolinywa ni wajukuu. Lakini hakai kuutazama tu. Huupalilia, huumwagilia maji wakati wa kiangazi. Kungoja kwake ni kazi.

Labda wewe ni mzee wa kanisa, na jengo mliloanza miaka mingi iliyopita bado limesimama kwenye linta, nyasi zimeota ndani. Labda wafundisha shule ya Jumapili watoto watano chini ya mwembe. Labda wewe ni mama umemwombea mwanao tangu alipoacha imani, na hakuna dalili. Usiitafute njia ya mkato. Usimfuate mtu akuahidiye muujiza kwa Ijumaa ijayo. Uliza jambo moja tu: je, kazi hii yawapa watu uzima, na yapatana na Neno la Mungu? Kama ndivyo, weka tofali moja mwezi huu. Fundisha wale watano. Omba tena usiku wa leo.

Tuombe. Ee Bwana, wewe huchelewi wala huna pupa. Wafariji wote waliofiwa Shakahola. Ulinde kanisa lako na sauti za uongo. Utupe imani ya kuanza, na uvumilivu wa kuendelea hata tusipoyaona mavuno kwa macho yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.