Manukato ya Udi na Haki ya Jirani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, siku ya Ijumaa mlangoni pa msikiti ni manukato machache yatambulikanayo upesi kama udi. Harufu yake ni nzito, yenye joto na moshi ndani yake. Marashi ya mawaridi hurashwa yakapotea mara. Udi humjia mtu polepole, kisha hukaa. Kanzu iliyofukizwa usiku hunukia hata kesho yake. Desturi hii imekaa Unguja, Mombasa na Lamu, na barani pia, katika mitaa ambayo Uislamu na Kiswahili vimeishi pamoja tangu zamani, kama Buyenzi mjini Bujumbura na Nyamirambo mjini Kigali.

Asili ya udi ina mazingatio. Mti wake, ambao wataalamu huuita Aquilaria, humea tangu Assam katika Bara Hindi hata visiwa vya Indonesia. Mti ulio mzima una ubao mweupe, mwepesi, usio na harufu ya kutajika. Lakini ukijeruhiwa, na ukungu ukaingia katika jeraha, mti hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi, na kwa muda wa miaka utomvu huo huujaza ubao. Hapo ndipo udi hupatikana. Kipande kilichojaa utomvu sawasawa huwa kizito hata kikazama majini. Walakini hakitoi uzuri wake wote mpaka kiwekwe juu ya kaa la moto.

Namna za kuvaa manukato haya ni mbili. Ya kwanza ni mafuta ya udi, ambayo hupakwa tone moja nyuma ya masikio au viganjani, na joto la mwili huyafungua kidogo kidogo. Ya pili ni kufukiza: makaa hutiwa katika chetezo, udi huwekwa juu yake, na nguo hutandazwa moshi uzipenye. Wengi hutumia udi uliopikwa kwa sukari, sandali na marashi, maana udi mtupu ni wa thamani kubwa. Na yafaa madirisha yawe wazi, kwa kuwa makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu yoyote.

Sasa lipo jambo moja ambalo kila mvaaji yampasa alijue. Pua huzoea. Baada ya muda mfupi mwenye kuvaa udi huacha kuusikia, naye hudhani umekwisha, akaongeza. Akadhani tena, akaongeza tena. Kumbe aliyeketi kando yake anausikia wote, wa kwanza na wa pili na wa tatu. Hivyo basi, manukato huvaliwa na mmoja na kunuswa na wengine, na mvaaji ndiye hakimu dhaifu kuliko wote wa kipimo chake. Ikiwa ni hivyo, jirani ana haki katika manukato yale.

Sheria imelizingatia jambo hili pande zote mbili. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa harudishi manukato anapopewa. Imepokewa pia kwamba Abdullah bin Umar alikuwa akijifukiza kwa udi mtupu, na mara nyingine akiutia kafuri, akaeleza kwamba ndivyo alivyofanya Mtume. Lakini Mtume huyo huyo alimkataza mtu aliyekula kitunguu saumu kuukaribia msikiti, kwa sababu ya kuwaudhi wenziwe. Na mwanamke aliyejifukiza alikatazwa kuhudhuria sala ya Isha msikitini, ijapokuwa nyumbani kwake manukato ni pambo lake. Basi harufu si jambo la pua ya mtu mmoja. Ina mahali pake na wakati wake. Ndiyo maana aliyehirimia Hija hujiepusha nayo, na mjane aliye katika eda kadhalika.

Katika safu moja husimama mgonjwa wa pumu ambaye moshi mwingi humbana kifua. Husimama pia maskini ambaye kanzu yake haikupata illa maji na sabuni. Wa kwanza asipate taabu, na wa pili asione haya. Katika mapokezi ya Salman Al-Farisi juu ya adabu za Ijumaa, mtu ameelekezwa kuoga, kisha ajipake manukato ya nyumbani kwake. Hakuambiwa akope ili anunue ya fahari. Aliye na udi wa thamani na ampake mwenziwe tone viganjani. Hapo huwa sadaka, wala si majivuno.

Wafanya biashara nao wana amana. Wako wauzao ubao mtupu uliopakwa rangi na mafuta wakauita udi, na huo ni ulaghai. Miti yenyewe pia imepungua kwa kukatwa ovyo. Mwaka 2004, katika mkutano wa Bangkok, mataifa yaliamua kwamba biashara ya aina zote za Aquilaria baina ya nchi iwe kwa kibali. Na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki, pamoja na wa Burundi na Rwanda, uliwekwa chini ya sharti kama hilo. Harufu njema iliyopatikana kwa hila au kwa uharibifu haiwezi kuitwa njema.

Basi Muislamu na avae udi kwa kiasi, wa halali, hata jirani yake atamani kusimama karibu naye tena Ijumaa ijayo. Mwenyezi Mungu azifanye njema tabia za Waislamu kama alivyozifanya njema harufu za nguo zao. Wabillahi tawfiq.