Kabla ya Kuvuka Kwenda Misali

Yeyote anayekusudia kuvuka kwenda kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, na aanze kwa kuuliza habari za maji. Kisiwa hicho hakina maji matamu. Wavuvi wapigao dago ufukoni huchukua madumu yao kutoka Pemba, na kila lita imekwisha kuhesabiwa siku yake. Mgeni aliyekuja na kichupa kimoja, jua likimzidi, huwaomba wao. Nao, kwa ustaarabu wao, hawamnyimi. Hapo sehemu ya gharama ya matembezi yake imelipwa na mtu asiyekuwamo katika mapatano.

Basi pataneni mapema, kabla ya kutoa fedha. Muulizeni mwenye chombo: je, bei hii ina maji ya kunywa ya kutosha, jaketi okozi kwa kila abiria, na ada ya hifadhi? Ada hiyo idaieni stakabadhi. Jambo linalosahauliwa mno ni hali ya bahari. Nahodha akisema leo hapavukiki, msimshurutishe kwa sababu mmekwisha kulipa. Hatima ya fedha zenu siku ya namna hiyo iwe imetajwa tangu mwanzo, ikiwezekana kwa maandishi.

Kasa hutaga katika mchanga wa Misali, kwa hiyo msiuchimbe wala msiwashe moto juu yake. Kombe na matumbawe yaacheni palepale. Chupa tupu rudini nazo Pemba. Kule hakuna gari la taka.