Muda Ulionunuliwa kwa Kafyu: Afya, Biashara na Madeni ya Serikali nchini Kenya, 2020

Kuzuia watu kutembea wakati wa maradhi ya kuambukiza hakumtibu mgonjwa yeyote. Hupunguza tu kasi ya maambukizi ili wanaohitaji kulazwa kwa wakati mmoja wasizidi uwezo wa hospitali, na kwa hiyo thamani ya hatua hiyo hutegemea kazi inayofanywa ndani ya muda uliopatikana. Mhadhara huu unachunguza jinsi Kenya ilivyoutumia muda huo tangu Machi 2020, na unashikilia kwamba afya na biashara, ambazo mijadala ya wakati ule iliziweka katika pande mbili za mizani, zilikutana mahali ambapo serikali haikupapa uzito wa kutosha, yaani katika malipo ya wazabuni wake.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 (COVID-19) nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza tarehe 27 mwezi huo, na kati ya tarehe 6 Aprili na 7 Julai usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake ukapigwa marufuku, na Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata siku mbili baada ya Nairobi. Kenya haikuwafungia raia wake wote majumbani mchana kutwa kama ilivyofanya Rwanda, na watunga sera waliona hilo kuwa nafuu kwa mfanyabiashara mdogo. Nafuu hiyo ilikuwa na walakini, kwa kuwa mama mboga huuza zaidi jioni, wafanyakazi wanaporejea nyumbani, na saa hizo ndizo zilizochukuliwa na kafyu.

Hatua za kiuchumi zilizotangazwa tarehe 25 Machi zilipitia hasa kwenye mfumo wa kodi: kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mlaji hulipa ndani ya bei ya bidhaa, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya mapato ya makampuni kutoka asilimia 30 hadi 25, na waajiriwa wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wakasamehewa kodi ya mapato. Benki Kuu nayo ilipunguza akiba ambayo kila benki hulazimika kuihifadhi kwake, na hivyo ikaachia shilingi bilioni 35 za kukopesha. Hatua hizi zilikuwa halali na za haraka, lakini zilimfikia kwanza aliyekuwa tayari ndani ya daftari, mwenye hati ya mshahara au mkopo wa benki, ilhali fundi wa jua kali hukopa kwenye chama chake. Mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo ulizinduliwa Desemba 2020, miezi mitano baada ya barabara za Nairobi kufunguliwa.

Katika tangazo hilohilo la Machi kulikuwa na kipengele ambacho hakikuzungumzwa sana, nacho kiliziagiza wizara zilipe, ndani ya wiki tatu, angalau shilingi bilioni 13 za madeni ya wazabuni yaliyokwisha kuhakikiwa. Malipo ya namna hiyo si ruzuku wala hisani, kwa maana mdai anapewa jasho lake. Kaunti, ambazo ndizo zinazoendesha hospitali nyingi za umma tangu ugatuzi wa mwaka 2013, zilikuwa nazo zikidaiwa na wauzaji wa dawa, vyakula na vifaa, ikiwemo KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa. Na mwuzaji asiyelipwa hupunguza wafanyakazi, kisha hupandisha bei ya zabuni inayofuata ili kufidia kungoja. Kwa hiyo, deni la kaunti humuumiza mwenye duka la jumla na mgonjwa wa wodini kwa pamoja.

Mfano wa Kaunti ya Kitui unaonyesha njia nyingine ya kutumia fedha za umma. Kiwanda cha nguo cha kaunti hiyo, kilichokuwa kikishona sare, kiligeuzia cherehani zake kwenye barakoa mwanzoni mwa mlipuko, na fedha za kinga zikawa mishahara palepale. Kitaifa mambo yalikwenda kinyume: ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulihoji manunuzi ya KEMSA ya vifaa vya kinga, yenye thamani ya takriban shilingi bilioni 7.8, yaliyofanywa kwa bei za juu, na sehemu kubwa ya bidhaa ikabaki ghalani kwa kukosa wanunuzi.

Upande wa hospitali, kila kaunti iliagizwa kuandaa vitanda visivyopungua 300 vya kuwatenga wagonjwa. Kitanda huhesabika na kupigwa picha, jambo linalowapendeza viongozi, lakini mgonjwa aliyeshindwa kupumua huhitaji oksijeni na muuguzi wa kumwangalia usiku. Machi 2021, wimbi la tatu lilipopanda, Wizara ya Afya ilikuwa ikiwasihi waliohifadhi mitungi ya oksijeni wairejeshe. Miezi mitatu kabla ya hapo, wauguzi, matabibu na kisha madaktari walikuwa wamegoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwa bima ya afya na mavazi ya kinga ya kutosha, bidhaa ambazo KEMSA ilikuwa bado imejaza maghalani mwake ikitafuta wa kuzinunua.