Kibali Kabla ya Bomba: Mazungumzo kwa Kaya za Wapangaji wa Dubai



Maji ya bomba ya Dubai ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi katika mitambo ya Jebel Ali na kusambazwa na DEWA, Mamlaka ya Umeme na Maji. Hufika kwenye mita yakiwa salama. Kuanzia hapo, usalama wake hutegemea tangi na mabomba ya nyumba yenyewe.

Wengi waliotoka Mombasa, Unguja au Dar es Salaam wamezoea kumwita fundi bomba, kupatana naye bei, na kazi ikaisha jioni ile ile. Dubai sivyo. Sheria Na. 26 ya mwaka 2007, ihusuyo wenye nyumba na wapangaji, inamkataza mpangaji kubadili jengo pasipo idhini ya mwenye nyumba na vibali vya mamlaka husika. Kuongeza choo, kuhamisha jiko au kugawa ukumbi kwa mbao ili familia ya pili ipate pa kulala, yote yamo katika katazo hilo. Ruhusa ya mdomo haitoshi. Kibali hutolewa na Manispaa ya Dubai, au na mamlaka nyingine inayosimamia eneo hilo.

Kanuni hizi zina sababu, na sababu yenyewe ni afya.

Choo kilichoongezwa bila ramani mara nyingi huunganishwa na bomba la maji taka lililo jembamba au lisilo na mteremko wa kutosha. Uchafu hurudi nyuma na kuibuka kwenye tundu la sakafu la bafu jingine. Bomba likivuja karibu na tangi la chini ya ardhi, uchafu waweza kupenya katika maji ya kunywa, na watoto ndio watangulizi wa kuharisha. Wazee walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bomba la maji taka humfikia mtu tumboni kabla ukuta haujaonyesha dalili.

Hatari ya pili haionekani wala hainuki. Bakteria aina ya Legionella, waliotambuliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, hustawi katika maji ya vuguvugu la nyuzi 20 hadi 45. Tangi la juu ya paa, kipande cha bomba kilichokatwa na kuachwa kimezibwa, na bafu lisilotumika kwa majuma kadhaa, vyote huyatuliza maji katika joto hilo. Mtu huambukizwa kwa kuvuta pumzi yenye manyunyu ya maji hayo aogapo. Wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu ndio walio hatarini zaidi.

Kwa hiyo yafaa kila kaya izingatie haya:

- Kabla ya kuhamia, kuomba mkataba wa pango uliosajiliwa Ejari, na kuuliza kama vyumba na mabafu yote yamo katika ramani iliyoidhinishwa.
- Kuhakikisha tangi linasafishwa angalau mara mbili kwa mwaka na kampuni iliyoidhinishwa, na lina mfuniko uliofungika vizuri.
- Kuweka hita ya maji kwenye nyuzi 60, na kuwakinga watoto wasiungue.
- Kufungulia maji kwa dakika kadhaa, kwa upole yasirushe manyunyu, baada ya safari ndefu.
- Kutoacha mpira wa maji umezama ndooni au katika maji machafu. Msukumo ukishuka, uchafu hufyonzwa bombani.

Kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, matengenezo ni jukumu la mwenye nyumba, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Mpangaji amwarifu kwa maandishi na kuhifadhi picha. Manispaa hupatikana kwa simu 800900, na dharura za DEWA kwa 991. Mgogoro usiotatulika hupelekwa katika Kituo cha Migogoro ya Pango.

Pango la chumba kisicho na kibali huonekana nafuu siku ya kwanza. Siku ya ukaguzi familia yaweza kuamriwa kuondoka, na siku ya homa hakuna nafuu iliyobaki.