Jina Lisilo na Mtu

Mtandao wa Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016, hauna mkuu mmoja. Kila jumuiya hujilinda, mfano wa Sungusungu wetu wa miaka ya 1980. Elon Musk aliponunua Twitter mwaka 2022, wageni walimiminika humo, na akaunti zinazoendeshwa na mashine hazikukosekana. Mashine ikikiri kuwa ni mashine, haitusumbui. Ijifanyayo jirani hufukuzwa. Pengine jumuiya nzima hutengwa kwa ajili yake.

Hapo twasita. Usukumani Sungusungu walirudisha ng'ombe walioibwa, lakini akina mama wazee nao walifukuzwa kwa uvumi wa uchawi. Nani aliwasikiliza?

Vijana wetu wa Bariadi wanaosimamia makundi ya simu wamwulize mgeni kwanza: wewe mwana wa nani? Ndipo wamwondoe.