Kugombania ukubwa



Mwezi wa nane 1998, RCD ilianza Goma ikiwa kundi moja. Haukuisha mwaka, wakubwa wake wakagombania nani awe kichwa. Mwaka 1999 likapasuka: wengine wakabaki Goma, Profesa Wamba dia Wamba akahamia Kisangani. Rwanda na Uganda nazo, zilizoingia kama marafiki, zikashindana hapo Kisangani. Kwa siku sita za Juni 2000 mabomu yalianguka juu ya nyumba za watu, raia kwa mamia wakafa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Tusiwacheke. Sisi pia, msaada ukifika, tunagombania nani aandike majina. Zinatokea orodha mbili, na mama mjane hayumo hata katika moja.

Shefu wa kartie na msimamizi wa wakimbizi, ketini pamoja. Andikeni orodha moja, muisome mbele ya watu wote. Atakayekubali jina lake lisitangulie, huyo ndiye mkubwa.

Amani iwe kwenu.